Ngozi za Mwamba Kwenye Kabati la Wageni

Furaha mwanangu, wiki ya tatu hii tangu nirudishe funguo za ghala, na kila asubuhi bado naamka saa kumi na moja na nusu, navaa soksi, ndipo nakumbuka sina pa kwenda. Umeniomba nikuandikie kazi ile ilivyokuwa, wewe na huyo mwenzako mpya, msije mkanipigia simu kila siku kuniuliza droo gani inakwama. Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua unakisikia vizuri kisha unanijibu kwa Kiingereza, basi leo utasikia tu, huna nafasi ya kunijibu. Ukikwama mahali, muulize mama yako hapo Lawrence Heights.

Vyeo siandiki, kwanza vilikuwa viwili tu na cha pili sikujua nimepewa mpaka niliposoma kwenye kadi ya mlangoni. Nitaandika juu ya makaratasi, na juu ya kosa langu. Kosa lenyewe unalijua nusu, maana mwisho wake uliuona kwa macho yako. Mwanzo wake ni wa zamani, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza nauelewa, kama nauelewa.

Siku ya kwanza nililetwa na wakala wa vibarua. Nilikuwa natoka kiwanda cha mikate cha Downsview, hapa Toronto, na wakala aliniambia kazi ni kupanga vitu kwenye maboksi, basi. Nikashushwa ngazi hadi chini kabisa ya jengo la chuo, kwenye chumba kisicho na dirisha. Mezani nikakuta makaratasi makubwa, kila moja kama shuka la kitanda cha mtoto, rangi ya chai ya maziwa, yamejaa vinundu na mashimo. Nikadhani ni trei za mayai zilizolowa zikakauka. Nikasema kwa sauti, "Yarabi, uchafu gani huu," nikaanza kukunja moja niitie kwenye mfuko wa taka.

"Weka chini!" Mtu akapiga kelele nyuma yangu, kwa Kiswahili. "Weka chini, binti! Taratibu, usikunje!"

Nikageuka. Mhindi mmoja mwembamba, unga wa plasta umemjaa kuanzia aproni hadi nyusi. Huyo ndiye Mzee Nurali, fundi wa chumba kile. Alizaliwa Mwanza, akajifunza kazi ya plasta kwa kutengeneza marembo ya dari za nyumba za watu, akaja Toronto na familia yake, akaishia chini ya ardhi na makaratasi ya chuo. Sikujua nishangae kipi kwanza, trei za mayai au Kiswahili chake, maana kilikuwa Kiswahili cha sokoni hasa, cha mtu aliyewahi kugombana na wauza samaki. Tangu dakika ile mpaka nastaafu, sikumbuki siku iliyopita bila mimi kuchanganyikiwa japo mara moja.

Mzee aliziita karatasi zile ngozi, na mimi nikazoea. Kuna mwamba huko Irani, ukuta wa mlima uliosimama wima kando ya njia ya zamani ya misafara. Juu sana, mfalme mmoja wa kale alichongesha picha yake na mateka wake, na habari za ushindi wake kwa lugha tatu, zote kwa mwandiko wa kabari, yaani herufi za vichongo vidogo vyenye kichwa cha pembetatu na mkia. Kutoa ngozi ni hivi: unachukua karatasi nzito, unailowesha, unaibandika juu ya maandishi, halafu unaipiga kwa brashi ya nywele ngumu mpaka iingie ndani ya kila kabari. Ikikauka unaibandua. Upande uliogusa jiwe, maandishi yanatokeza nje na yamegeuka kinyume, kama kwenye kioo. Ukitazama kwa nyuma, yamezama ndani na yako sawasawa. Mimi wiki nzima ya kwanza nilikuwa natazama upande wa kinyume, najitahidi kuyazoea, na Mzee ananiangalia tu anakunywa chai.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza siku ya Ijumaa.

"Nilitaka nijue utaacha lini," akasema.

Nikamuuliza jingine. Kama maandishi yako juu kiasi hicho, na mpita njia wa chini haoni hata herufi moja, huyo mfalme alikuwa anamwandikia nani? Mzee akasema nimuulize mfalme. Jibu hilo sijalipata mpaka leo, na maprofesa niliowauliza kila mmoja alinipa lake.

Lakini habari ya jinsi mwandiko ule ulivyosomeka alinieleza, na aliieleza vizuri kuliko profesa yeyote. Tulikuwa tumekaa kwenye mifuko ya plasta.

"Mimi nikikuandikia barua tatu," akasema, "moja Kigujarati, moja Kiingereza, moja Kiswahili, na zote habari ile ile. Kigujarati hujui hata kidogo. Utaanzia wapi?"

"Nitakuletea unisomee."

"Mimi nimekufa."

"Sasa barua ya nini tena?"

Akacheka mpaka akakohoa vumbi. "Utaanzia kwenye majina, binti. Zuhura ni Zuhura kwa lugha zote. Ukijua jina limekaa wapi, umepata sauti za herufi zake. Sauti hizo unakwenda nazo kwenye neno la pili, na la tatu."

Shida, akasema, ni kwamba lugha zote tatu za mwamba zilikuwa hazisomeki. Mtu wa kwanza kupata upenyo alikuwa mwalimu wa shule, Mjerumani, naye wala hakuuona mwamba wenyewe. Alikuwa na nakala za maandishi mengine mafupi ya wafalme wa ukoo ule. Akaona maneno yanajirudia, akabahatisha kwamba yanasema: fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani. Kwenye ukoo mmoja akakuta babu hana neno la mfalme. Akarudi kwenye vitabu vya Wagiriki, akatafuta mfalme ambaye baba yake hakuwa mfalme, akampata. Hapo majina matatu yakampa herufi za mwanzo.

Ndipo baadaye akaja askari mmoja Mwingereza, akaupanda mwamba kwa ngazi zilizosimama kwenye ukingo mwembamba, akanakili. Maandishi ya mwamba ni marefu, yamejaa majina ya watu na ya nchi. Kwa majina hayo lugha ya kwanza, Kiajemi cha kale, ikafunguka. Wakayatafuta majina yale yale kwenye lugha ya pili, kisha kwenye ya tatu, ya Babeli. Na hiyo ya Babeli ilipofunguka, vile vibamba vya udongo vya mwandiko huo huo vilivyokuwa vimejaa kwenye makabati ya watu bila msomaji vikaanza kusema: barua, mashitaka, dawa, visa.

"Ila ile ya Babeli iko mahali pabaya," akasema Mzee. "Jiwe limetokeza nje, ngazi haifiki. Alipanda kijana mmoja Mkurdi, kwa kamba na vigingi, akabandika karatasi huku ananing'inia."

"Anaitwaje?"

"Hawakuandika."

Nikamwambia hapo sasa ndipo sielewi kabisa. Watu wamefungua lugha tatu kwa kutafuta majina, halafu huyu aliyewashushia karatasi wasiulize anaitwa nani? Mzee akaniambia nikakoroge plasta. Lakini jambo lile lilinikaa, Furaha, na utaona lilinipeleka wapi.

Alinifundisha kulijua jina la mfalme kwa macho, kwa Kiajemi cha kale: alama saba, kabla yake kabari moja ya mshazari, na baada yake nyingine. Hilo ndilo neno pekee nililowahi kulisoma katika mwandiko ule. Watu walidhani mtu aliyeishi na makaratasi hayo miaka yote lazima anayasoma. Nilikuwa nawaacha wadhani.

Sikukuu moja Mzee akanialika kwake. Mkewe alifungua kabati la vioo sebuleni, akatoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, akavipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa, akanimiminia chai. Nilipokwenda jikoni kumsaidia nikaona wao wenyewe wananywea vikombe vya plastiki vilivyokwisha rangi. Nikajisikia niko nyumbani. Kwa mama yangu Kigoma kulikuwa na kabati lile lile. Vizuri ni vya mgeni. Vya zamani, vilivyozoeleka, vinakaa ndani na wenyewe.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, maana hapa ndipo penye kosa. Ngozi za zamani zilikuwa zimechoka, zinapasuka kwenye mikunjo. Mzee akaamua tutoe nakala. Unalaza ngozi ya zamani, unamimina plasta juu ya upande uliogusa jiwe, plasta ikikauka unapata ubao wenye maandishi yaliyozama, kama mwamba ulivyo. Juu ya ubao huo unapiga karatasi mpya. Unapata ngozi mpya, nyeupe, nzima, nzuri hata kuitazama. Ila unapomimina plasta lazima ugonge meza kwa kiganja, tena na tena, hewa itoke. Usipogonga, kiputo kinaganda chini na kuacha tundu kwenye ubao, na karatasi mpya ikipigwa inaingia ndani ya tundu kama vile mtu alichonga pale. Mzee aligonga mpaka mwisho kila ubao. Mimi zipo siku nilichoka kugonga. Nakwambia hivyo hivyo ilivyokuwa.

Mzee alipostaafu alinishika mkono mbele ya makreti yaliyokuwa na ngozi. "Hizi za zamani, binti, hizi ndizo," akasema. "Zisishikwe hovyo." Miaka miwili baadaye akafariki, Mungu amrehemu, na wakati huo huo chuo kikatuhamishia ghala la Downsview. Wakatupa kabati moja la milango ya vioo na maboksi mapya ya kadibodi nzuri. Maboksi hayakutosha kwa ngozi zote.

Hebu niambie wewe ungefanyaje. Mimi nilifanya kama mwanamke yeyote wa kwetu. Zile nyeupe nikazitia kwenye maboksi mapya, nikazipanga kwenye kabati la vioo karibu na meza ya wageni. Zile za zamani nikazifunga kwenye mashuka laini, nikazilaza kwenye makreti ya mbao, stoo ya ndani, pakavu, penye giza, ambapo hakuna mkono wa mtu utakaozifikia. Nikaona nimemtii Mzee. Nilirudi nyumbani siku ile nimefurahi kabisa.

Juu ya makreti kulikuwa na maneno ya Mzee kwa penseli, Kigujarati. Mimi nikaongeza langu kwa Kiswahili: USIGUSE. Kisha akaja bwana wa ofisini na orodha yake ya Kiingereza, akatazama kabati, akatazama makreti, akaandika kwamba kabatini mna ngozi za mwamba na kwenye makreti mna nakala na mabaki. Orodha ilikuwa namba za rafu peke yake, haikutaja kabati wala kreti; nikaona neno nakala, nikadhani anasema kabati. Nikatia saini. Ule mwamba ulisomeka kwa sababu lugha tatu zilisema jambo moja. Sisi lugha zetu tatu, kila moja ilisema lake.

Profesa Marta alianza kuja baada ya hapo. Alikuwa anatoka Ulaya kila msimu wa baridi, anakaa wiki sita, anasoma. Mama mfupi, mvi fupi, hana makuu. Mwaka wa pili aliona mikono yangu ilivyopasuka kwa plasta, akaniletea mafuta, na hakukosa kuniletea tena kila mwaka. Aliomba ngozi za mwamba, nami nikamfungulia kabati la vioo. Wallahi sikumdanganya. Kwangu maandishi ni yale yale, na sahani nzuri haibadilishi chakula. Angekuja mtu wa kawaida pengine ningempa zozote, lakini huyu ametoka mbali, ningempaje makaratasi ya rangi ya chai yaliyotoboka?

Alikuwa anasoma mahali ambapo maji ya mlimani yamepita juu ya Kiajemi cha kale, miaka na miaka, yakalamba herufi. Misimu tisa. Taa ameilaza pembeni, lenzi jichoni, mstari mmoja siku tatu. Msimu wa nane akaniita.

"Zuhura, njoo uone. Kuna kabari ndogo hapa. Kabari hii ikiwepo, herufi hizi zilizofifia zinakuwa jina la mtu. Si mfalme, si adui wake. Nadhani ni mmoja wa waliochonga."

Nikamkumbuka yule kijana aliyening'inia, ambaye hawakuandika jina lake. Nikasema alhamdulillah, angalau mmoja ameandikwa, hata kama ni kwa kujiiba. Kesho yake nilimpelekea Profesa kalimati, tukala na sukari ikamwagika juu ya meza iliyokatazwa chakula. Akaanza kuandika kitabu. Jina la mchongaji ndilo lililokuwa kitabu.

Msimu wa tisa ndio huu uliopita. Chuo kikaamua ghala lifungwe: vya kabatini viende jengo jipya, vya makretini vitupwe, gari la taka linakuja Ijumaa. Ukaletwa wewe kunisaidia kufunga. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki chache nistaafu, kichwa kimejaa fomu. Nilisoma karatasi ya maagizo mara mbili na bado sikuona kitu, naapa. Niliona "nakala", nikasema haya, nakala zitupwe, wala sikujiuliza wanasema zipi, nikaendelea kufunga za kabatini kwa upendo.

Jumanne ndipo ulipofungua kreti moja pale mlangoni, ukanyanyua shuka, ukasema, "Mama Tausi, hii ina mchanga."

Nikakujibu bila kugeuka, "Ndiyo, ni vumbi la mwamba lile."

Halafu nikasimama. Ukaniuliza, kwa Kiingereza chako hicho cha haraka, kama hizi zina vumbi la mwamba, zile za kabatini zina nini? Ukauliza tena, na Profesa anasoma zipi? Nikakwambia unyamaze kidogo, nikatafuta kiti.

Unakumbuka tulichofanya. Tulitandika ngozi mbili mezani, ya zamani na nyeupe, tukailaza taa pembeni kama anavyofanya yeye. Nikatafuta jina la mfalme, alama saba, nikalipata kwenye zote mbili, na kutoka hapo nikashuka kwa kidole, nahesabu mistari. Kwenye nyeupe kabari ya Profesa ilikuwepo. Nikaitazama kwa mara ya kwanza kama fundi, si kama mwenye nyumba. Haikuwa na pembetatu. Ilikuwa duara, kama kichwa cha pini. Kwenye ya zamani, mahali pale pale, palikuwa laini tu, maji yamepita, hakuna kitu. Nikageuza nyeupe, nikaona pembeni alama yangu ya penseli. Ubao ule niliumimina mimi. Kilikuwa kiputo cha hewa, cha siku niliyochoka kugonga meza.

"Badilisha tu," ukaniambia. "Weka za zamani kwenye maboksi, hizi ndiyo zitupwe. Nani atajua?"

Sikulaumu, nami nilifikiri hivyo hivyo. Kubadilisha maboksi ni kazi ya saa moja, na ngozi zingepona. Profesa angerudi kwao, kitabu kingetoka na jina la mchongaji, mimi ningeagwa kwa keki na makofi. Nikisema, misimu yake tisa inakuwa kiputo, na mimi nakuwa yule mama aliyewapa wasomi nakala miaka yote, akasifiwa. Na yule mchongaji, ambaye nilimfurahia kama ndugu, namfuta kwa mkono wangu. Nilikuwa sijui namhurumia nani. Mara Profesa, mara mchongaji ambaye hayupo, mara mimi mwenyewe. Zaidi mimi mwenyewe.

Kilichonishinda ni kitu kidogo. Usiku wa Jumatano nilikuwa najipaka yale mafuta yake mikononi, nikashindwa kuendelea, nikayafunika.

Alhamisi asubuhi alikuja kupiga picha za mwisho za kitabu. Wewe ulikuwa unajifanya unafagia. Nilikuwa nimeshatandika ngozi zote mbili. Nilimkalisha, nikamweleza kuanzia plasta, kiganja, kiputo, kabati la vioo, makreti, mpaka gari la taka la kesho. Kiingereza changu kikanikimbia katikati, nikakikamata tena. Nikamwambia, "Samahani, Profesa. Kosa ni langu, si la chuo."

Akachukua lenzi, akainama juu ya nyeupe, kisha juu ya ya zamani, kisha akarudi juu ya nyeupe. Akaweka kidole juu ya kile kiputo, akakizungusha taratibu.

"Ni duara," akasema. "Tangu mwaka jana naona ni duara. Nikasema moyoni ni maji yamelila jiwe." Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nililitaka sana jina lile."

"Hata mimi," nikasema. Na hapo nikalia, ulinisikia.

Halafu akaniuliza, bila ukali, kama mtu ambaye kweli hajui: "Zuhura, miaka tisa. Za mwamba zilikuwepo hapo nyuma, hatua kumi. Kwa nini ulinipa hizi?"

Nikamwambia, "Kwa sababu ulikuwa mgeni."

Hakunielewa. Ikabidi nimweleze kabati la mama yangu Kigoma, na la mke wa Mzee Nurali, na la kwangu mwenyewe sebuleni, vikombe ambavyo watoto wangu wamekua bila kuvigusa. Alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Kisha akasimama, akaenda stoo ya ndani kwa miguu yake, akakaa juu ya kreti, akafungua shuka la kwanza. Mchanga ukammwagikia sketi. Hakuupangusa.

Ijumaa gari la taka lilirudi tupu. Ya ofisini unayajua, kulikuwa na barua na mkutano, na yule bwana wa orodha akaniuliza swali moja mara nne. Kitabu kilizuiwa kabla ya kuchapwa. Profesa akabaki wiki tatu zaidi, akaanza upya kwenye mstari ule ule, na jina halikuwepo. Kitu alichokipata ni kimoja tu, pembeni kabisa mwa ngozi moja ya zamani, nje ya maandishi: alama ya dole gumba la mtu aliyeishika karatasi ingali mbichi, mistari yote ya ngozi yake inaonekana. Akaniita nione.

"La nani?" nikauliza.

"Hawakuandika," akasema. Nilimtazama kuona kama ananitania, nikashindwa kujua.

Basi hiyo ndiyo kazi, Furaha. Gonga meza mpaka mwisho, hata kiganja kikiuma. Andika juu ya kila boksi kilichomo kimetoka wapi, kwa lugha ambayo atakayekufuata ataisoma, na usitie saini orodha ya namba tupu. Droo inayokwama ni ya tatu, inyanyue kwanza ndipo uvute. Na mtu akija kutoka mbali, akaomba za mwamba, mpe za mwamba, hata kama zimetoboka, hata ukiona aibu.

Jumamosi iliyopita Profesa alikuja kwangu kuniaga. Tausi alitoka Brampton kunisaidia kupika, na nilipotoka chumbani nikakuta ameshafungua kabati la vioo, ameshapanga sahani zenye maua ya dhahabu. Nikazirudisha moja moja. "Mama, mgeni!" akaninong'oneza. Nikaenda jikoni nikaleta zile zetu, na ya Profesa nikampa ile niliyokuja nayo kutoka Kigoma, ya bati, iliyobanduka rangi ukingoni. Nikampakulia wali na samaki.

Akainyanyua juu kidogo pamoja na chakula chake, akachungulia chini yake kama anavyochungulia ngozi.

"Zuhura," akaniuliza, "hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," nikamwambia. "Kula."